Majaribio ya Baba Muthoki

Jumatatu, 8 Julai 1996

Siku mbaya. Tumeitwa shuleni, wazazi wote wa kidato cha nne. Nilidhani ni yale mambo ya choo kuanguka. Kumbe ni mtihani wa majaribio, ule watoto wanauita moku. Unaanza Jumatatu ijayo. Mwalimu Kezia, anayemfundisha binti yangu Muthoki kemia, alisimama akatueleza kwamba moku haimpeleki mtu chuo kikuu wala haimzuii. Kazi yake ni kumwonyesha mwanafunzi paa lake linavuja wapi kabla mtihani wenyewe haujamnyeshea Novemba. Wazazi wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kisha hedimasta akaongeza kwamba matokeo yatabandikwa kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi, jina kwa jina na somo kwa somo, kila mzazi ajionee. Mikono yangu ikaganda hewani.

Kwa nini niliganda? Kwa sababu nimeshatangaza kwamba Muthoki atakuwa daktari. Nimetangaza kwenye ushirika wa wanaume kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na kwenye mazishi ya mtu ambaye hata sikumjua vizuri. Kazini pia wanajua. Mimi ni dereva wa lori katika kiwanda cha rangi hapo Industrial Area, na mlinzi wa geti haniiti Mwangangi tena. Ananiita Baba Daktari.

Na muhula uliopita huyo daktari alipata D ya kemia. D! Tunaojua ni mimi, mama yake na Mungu.

Aliyekaa nyuma yangu mkutanoni alikuwa nani? Shiundu! Jirani yangu hapa mtaani Jericho, mlango kwa mlango. Binti yake Nangila yuko darasa moja na Muthoki. Tulipotoka akanipiga bega. "Baba Muthoki, basi tuonane kwenye ubao!" Akacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata njia. Muthoki augue! Asiyefanya mtihani hana matokeo, na asiye na matokeo habandikwi popote. Nilifikiria malaria kwanza. Lakini malaria ni ya kila mtu, watoto hufanya mitihani nayo vizuri tu. Matubwitubwi ndiyo mpango. Yanaambukiza. Shule yenyewe itamfukuza arudi nyumbani.

Nilimweleza jioni, kwa upole. Akasema aliyaugua akiwa darasa la pili na kwa kawaida mtu hayaugui tena. Hilo sikulijua. Nikamwambia huenda hata mwalimu wake halijui. Akanikumbusha kwamba ni mwalimu wa sayansi.

Ndindi, mke wangu, aliitua sufuria kwa kishindo. Akataka kujua ni daktari gani anayeanza kazi kwa kughushi ugonjwa wake mwenyewe. Lilikuwa swali zuri. Nikaikagua sufuria kama imebonyea.

Mara akaingia Shiundu na mfuko wa biskuti zilizovunjika. Anafanya kazi kiwanda cha biskuti na hugawia mtaa mzima. Watu wanampenda kwa hilo. Inaudhi. Akauliza kwa sauti kubwa kama Muthoki yuko tayari. Nikajibu yuko tayari mpaka amechoka kuwa tayari, siku hizi anapumzika tu. Nyuma ya pazia Muthoki alikuwa akikariri elementi kwa sauti. "Sodiamu, magnesiamu, alumini..." Shiundu akatega sikio. Nikakohoa. Nikakohoa sana.

Biskuti nilizila zote kwa hasira.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeokoka! Mlinzi wa geti amenielekeza kwa mtu wa mtaa wa Huruma anayeitwa Dedan. Inasemekana karatasi za mitihani humfikia kabla hazijawafikia wanafunzi. Nikaenda moja kwa moja baada ya kazi. Ghorofa refu, ngazi nyembamba, nguo za watu zikinidondokea maji shingoni. Dedan alikuwa amevaa koti la suti na kandambili. Akatoa bahasha ya kaki. Ndani, karatasi ya kemia, moku, kidato cha nne. Nyuma yake majibu, yamepigwa taipu! Nilipoinama nisome, akaifunika kwa kiganja.

Alitaka radio yangu. Ile ya kaseti! Nilimtajia tu kwamba ninayo, nikijaribu kumfanya anione mtu wa maana. Kosa. Nilisita. Kisha nikauona ule ubao wa matangazo mbele ya macho yangu, na Shiundu akisoma kwa kidole. Nikarudi nyumbani mbio, nikaichukua, nikampelekea.

Ndindi ameuliza radio iko wapi. Nimesema kwa fundi.

Shida ni Muthoki. Hawezi kuiona karatasi hii. Amerithi tabia ya mama yake. Mwaka jana alimshitaki msichana aliyeficha mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, ndani ya soksi, na huyo msichana walikuwa wakikaa dawati moja. Akigundua, ataipeleka kwa Mwalimu Kezia na jina langu juu yake. Kwa hiyo nimeamua. Nitayakariri majibu mimi, kisha nitamlisha kidogo kidogo katika mazungumzo, bila yeye kujua. Atajiona tu ameelimika.

Jumapili, 14 Julai

Kemia ni ngumu kuliko nilivyodhani. Nilizificha karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo na kukariri ibada nzima. Mchungaji alipomaliza kuomba, nikaitikia kwa sauti, "Amonia." Mzee aliyekaa kando yangu akaitikia hivyo hivyo. Nadhani hasikii vizuri.

Mchana Ndindi alipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Nikaona wakati umefika. Nikasifu chakula. Nikasema mvuke wake ulivyo mwepesi unanikumbusha gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Nikaendelea. Nikasema hata msumari haushiki kutu bila maji na oksijeni. Ndindi akaacha kutafuna. Nikaongeza kwamba karatasi ya litmasi ya buluu huwa nyekundu ikitiwa kwenye alkali.

Muthoki akaweka kijiko chini. "Kwenye asidi, baba."

"Ndivyo nilivyosema."

"Umesema alkali."

Nikaomba radhi nikaenda chooni kuangalia. Alikuwa sahihi. Niliporudi, Ndindi akanigusa paji la uso, akasema kesho nipitie zahanati.

Lakini kuna jambo moja limenisumbua. Muthoki hakula. Aliisukuma punje moja ya mahindi kuzunguka sahani mpaka chakula kikapoa. Nilipoona hivyo, huruma ikanishika. Nikamfuata mpaka kwenye mfereji nikamweleza jinsi sabuni inavyotengenezwa. Akajaza ndoo nusu tu akaondoka.

Jumatano, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Leo ilikuwa kemia. Muthoki alitoka bila chai. Nikamwona anavyotembea, mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mayai, na uvumilivu ukaniishia. Nikamkimbilia, nikamfikia karibu na kioski cha mkaa, nikamsukumia bahasha. Nikamwambia asome njiani, asiulize, amrudishie shetani baadaye. Kweli nilisema hivyo. Niliogopa sana.

Akaifungua. Akatazama ukurasa wa kwanza. Akageuza.

"Baba, hii pepa ni ya mwaka jana."

Nikamwambia haiwezekani.

"Mwalimu Kezia alitupatia mwezi wa tatu tufanyie mazoezi. Nilipata D. Hii ndiyo ile D yako."

Akafungua mkoba. Akatoa ya kwake. Karatasi ile ile! Imejaa wino mwekundu wa mwalimu, na juu ya wino mwekundu kuna penseli, maana ameirudia peke yake akajisahihisha, swali kwa swali. Kisha akatazama majibu ya Dedan, akaniambia la tatu limekosewa. Akanirudishia bahasha na kwenda zake. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Radio yangu! Nimeibadilisha na karatasi iliyokuwa ikilala ndani ya mkoba wa binti yangu!

Jioni nikaenda Huruma kuidai. Nilipofika kwenye ngazi niliisikia ikiimba kule juu. Ni yenyewe, ule mkwaruzo wa spika ya kushoto naujua. Nikabisha. Sauti ikapunguzwa. Nikabisha tena. Ikazimwa.

Muthoki alirudi akasema kemia ilikuwa sawa mpaka kwenye hesabu za moli. Hapo ikamshinda. Nikauliza moli ni nini. Akasema angejua, isingemshinda. Halafu akaenda kukaa ngazini kwa kina Shiundu, yeye na Nangila, wakawa wanachorachora vitu kwenye mchanga. Nilichungulia dirishani. Sikupenda. Anampa adui habari zetu.

Jumanne, 23 Julai

Matokeo ni Ijumaa. Usingizi sina. Nimepeleka mzigo wa Lunga Lunga kule Enterprise Road, na wa Enterprise Road nikaurudisha kiwandani. Bosi ameniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikasema bado.

Na hapo kazini, nikiyatazama makopo yaliyobonyea ambayo huwa tunaachiwa sisi wafanyakazi, wazo likanijia. Ubao! Ubao wenye rangi mbichi haubandikwi kitu!

Nimeshamwona hedimasta. Nilimwambia ule ubao unaiaibisha shule na kwamba mimi, kama mzazi, naomba kuupaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Akaniita mfano wa kuigwa. Akamwita mwalimu wa zamu aje anione.

Alhamisi, 25 Julai

Kazi imefanyika. Nimechagua rangi ya mafuta, kijani kibichi, na nikaizidishia mafuta ili ichelewe kukauka. Tabaka juu ya tabaka. Fundi wetu wa maabara kiwandani angelia akiiona. Haitakauka mpaka shule ifungwe. Mwalimu Kezia alipita akanishukuru kwa moyo wa kujitolea. Nikamwambia si kitu, elimu ni yetu sote.

Leo nitalala.

Ijumaa, 26 Julai

Ole wangu!

Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Wazazi walifika. Mwalimu Kezia akaja na karatasi, akajaribu kuibandika, ikateleza ikaanguka ikiwa ya kijani. Hedimasta akaweka kiganja kwenye ubao kuhakikisha, na kiganja nacho kikawa cha kijani. Nikasikitika kwa sauti kuliko watu wote. Nikasema hali ya hewa ya mwezi huu haina adabu, labda tusubiri muhula ujao.

Hedimasta akajifuta mkono kwa kitambaa, akasema haina haja. Kwa kuwa wazazi wameacha kazi zao kuja, matokeo yatasomwa kwa sauti. Akamtuma mtu kanisa la jirani. Akarudi na kipaza sauti.

Kipaza sauti! Ubaoni wangeyaona walioweza kusoma, na kwa kusukumana. Hiki kimewafikia hata wauza mboga wa barabarani. Tukapangwa uwanjani, wazazi upande huu na watoto upande ule. Jina kwa jina. Somo kwa somo. Tulipofika kwa Muthoki Mwangangi nikafumba macho. Kiingereza B. Hesabu B. Historia C. Kemia... kikakwaruza kidogo... kemia D ya juu. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu aligeuka kunitazama, kisha akageuka tena haraka, kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni.

Kisha Nangila Shiundu. Kemia B! Nikahisi meno yananiuma. Hesabu... E.

Shiundu hakucheka. Alikuwa amevua kofia, akawa anaizungusha tu mikononi. Nangila akaanza kulia pale pale kwenye mstari, mabega yakimpanda na kushuka. Nami nakiri kwamba kitu fulani ndani yangu kilianza kufurahi. Hakikufika mbali. Muthoki, ambaye D yake ilikuwa bado inaelea hewani, alitoka kwenye mstari bila ruhusa akaenda kumkumbatia. Hakuna mwalimu aliyemrudisha.

Baadaye Mwalimu Kezia alituita mimi na Muthoki kando na karatasi yake ya kemia. Akageuza kurasa polepole ili nione. Yale mambo yote aliyoyakosa Machi, safari hii ameyapata. Litmasi, kutu, sabuni, yote. Alama zote alizopoteza ziko mahali pamoja, kwenye moli, ambayo safari hii imebeba zaidi ya nusu ya karatasi. "Baba Muthoki, wewe ulikuwa unasikia kwamba kemia inamshinda. Kemia haimshindi. Sura moja tu ndiyo inamshinda. Bila moku tungelijua hilo mwezi gani? Februari, matokeo yakitoka?"

Nilikuwa nimesimama kwa namna ya kuficha viatu vyangu, vilikuwa na kijani.

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi Muthoki alikuwa akifua sare uani. Nikaenda kumweleza kwamba sijakasirika. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Nilipofika karibu, akaacha kufua, akakaa wima, mikono kando, kama mtu anayesubiri kuchapwa. Sijawahi kumchapa tangu awe darasa la tano.

Nikamuuliza anaogopa nini, mtihani umekwisha.

"Mtihani siuogopi, baba. Nakuogopa wewe."

Akasema alipofika kwenye swali la kwanza la moli, alilijua mwanzo wake. Kisha akakumbuka nilivyomfukuza njiani na bahasha. Akakumbuka mlinzi wa geti na Baba Daktari. Akakumbuka ushirika wa wanaume. Kalamu ikakataa kwenda. Akasema wanafunzi wengine wakifanya moku wanafanya moku, yeye akifanya anajiona yuko mbele ya kanisa zima. "Udaktari naupenda. Lakini wacha niupende mwenyewe."

Ile hotuba sikuikumbuka tena. Nikachuchumaa, nikachukua sketi yake kwenye beseni, nikaikamua. Nikaitundika kwenye kamba. Nikachukua blauzi. Tukafua hivyo mpaka nguo zikaisha. Mwisho akaniambia nimeitundika blauzi vibaya, itakauka na pembe. Nikaona amenisamehe kidogo.

Mchana Shiundu alikuja. Bila biskuti. Alisimama mlangoni, hakukaa. Akasema Nangila hajatoka kitandani tangu jana, na kwamba yeye Shiundu ndiye wa kulaumiwa, alikuwa amewaambia watu wa kwao Kakamega kwamba binti atakuwa injinia. Akauliza kama Muthoki anaweza kumsaidia hesabu. Nikasema nitalifikiria. Ndindi akasema ndiyo. Muthoki akatoka chumbani akisema, "Baba, sisi husoma pamoja tangu Januari. Yeye hunifunza kemia, mimi humfunza hesabu. Mlikuwa hamjui?"

Mimi na Shiundu tukatazamana. Hatukuwa tunajua.

Alhamisi, 1 Agosti

Moyo mwepesi! Shule inafungwa kesho, na mambo ni mazuri. Muthoki na Nangila walimwendea Mwalimu Kezia wao wenyewe, wakamwomba awatungie mtihani wa mazoezi kila Jumamosi ya likizo. Maswali mapya kabisa. Moli kwa mmoja, hesabu kwa mwingine, saa ikiwa mezani kama chumba cha mtihani halisi. Nangila ameamka kitandani, nimemsikia akicheka kwenye mfereji. Muthoki anakula. Jana aliongeza ugali.

Ilibaki kupata mahali. Shiundu alitoa nyumba yake. Nami nikatoa yangu. Tukabishana kwa heshima. Nikashinda, kwa sababu meza yetu haichezi. Mwalimu Kezia atapita kila Ijumaa akielekea kwake Umoja na kutuachia bahasha kabatini. Alinieleza kwamba faida yote iko kwenye kukutana na swali usilowahi kuliona, hapo ndipo mtu anapojijua. Nikamwambia hayo ndiyo maneno yangu kila siku.

Muthoki alinitazama muda mrefu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimebadilika. Kanisani sijatamka neno daktari tangu Jumapili. Nimesema tu anaelekea upande wa hospitali.

Kabati nimelinunulia kufuli jipya, zuri, la chuma. Ufunguo nimemkabidhi Ndindi mbele ya watoto, na yeye ameufunga kwenye pindo la leso. Kila mtu ameridhika.

Nilipokuwa narudi na huo ufunguo kutoka dukani nilipita kwa fundi wa funguo kule soko la Gikomba, akanichongea mwingine. Kwa usalama tu. Ndindi hupoteza vitu.